Mkono wa nani? Historia ya kipimo kilichofika kwetu pamoja na nguo



Leo naleta mada ambayo inaonekana ndogo: mkono. Siongelei mkono wa kusalimia watu ao wa kunyoosha mu auditoire. Naongelea mkono kama kipimo, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha katikati. Ni karibu sentimita 45. Katika Biblia wengine wanasoma "mkono", wengine "dhiraa". Kwa Kifaransa ni coudée.

Najua kuna watakaosema: historia ya Kongo iko na mambo makubwa, vita, mikataba, uhuru, na wewe unatuletea kiwiko? Ndiyo, nawaletea kiwiko. Nilipokuwa naandika mémoire yangu juu ya misafara ya karne ya 19, nilishangaa kuona ni mara ngapi wasafiri wa wakati ule wanaandika juu ya kupima nguo. Wako karibu na ziwa kubwa, wako na homa, wapagazi wanatoroka, lakini wanachukua kurasa kueleza nguo ina mikono mingapi. Kumbe walikuwa na sababu. Kule kwetu mashariki, kipimo hicho njo kilikuwa pesa, chakula, na kwa bahati mbaya, hata bei ya mtu.

Ulizo langu ni moja tu: mkono, ndiyo, lakini mkono wa nani?

1. Mwili njo metre ya kwanza

Kila taifa lilianza kupima kwa mwili. Wamisri wa zamani walikuwa na mkono wao wa kifalme, karibu sentimita 52, walioutumia kwa majengo makubwa. Warumi waliuita cubitum, ni kusema kiwiko. Neno dhiraa limetoka kwa Kiarabu, na maana yake ni hiyo hiyo sehemu ya mkono. Hata Wafaransa walikuwa na aune ya kupimia vitambaa, na neno hilo asili yake ni mkono pia. Nyinyi ambao munaandika katika TFC zenu "à l'aune de", mujue munaongelea mkono wa mtu.

Kwetu pia hatukuazima mwili kwa mtu. Mushi anasema kuboko, Muluba kuboko, Munyarwanda ukuboko, Mungala loboko. Ni neno moja la mababu wa lugha zetu za Kibantu, limesambaa toka msitu mpaka maziwa.

Kiswahili cha biashara kilipanga vipimo hivi kama ngazi. Upana wa kidole ni wanda. Ukitandaza kiganja, toka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, ni shubiri. Shubiri 2 ni mkono 1. Mikono 2 ni wari, karibu sawa na yadi ya Waingereza. Mikono 4 ni pima, ni kusema mikono yote miwili imenyooshwa kushoto na kuume. Kitenzi "kupima" na jina "pima" ni ndugu.

Angalieni sasa jambo moja zuri. Jaribuni nyumbani: ukinyoosha mikono yote miwili, urefu wake unakaribia urefu wako mwenyewe toka kichwa mpaka miguu. Na urefu wako unakaribia mikono yako 4. Kwa hiyo nguo ya mikono 4 ni nguo ya mtu mmoja. Haikuhitaji mtu afike kelasi juu ya kuelewa hesabu hiyo. Kila mtu alizaliwa na kipimo chake.

Kwa wale wanaopenda Biblia: safina ya Nuhu ilikuwa na mikono 300 ya urefu, 50 ya upana na 30 ya kwenda juu. Kwa mkono wa sentimita 45, urefu unafika mita 135, zaidi ya kiwanja cha mpira. Goliati alikuwa na mikono 6 na shubiri 1, karibu mita 3. Lakini mkono ukiwa mfupi kidogo, Goliati naye anakuwa mfupi. Hapo njo tatizo letu linaanzia.

2. Nguo iliyokuwa pesa

Katika karne ya 19, misafara ilitoka pwani, Bagamoyo na Zanzibar, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka Tanganyika na kuingia Maniema mpaka Kasongo na Nyangwe. Kiswahili chetu cha mashariki kilitembea kwa njia hiyo, na vipimo vya nguo vilikuwa ndani ya mzigo ule ule.

Sarafu haikusaidia kitu kule ndani. Watu walitaka shanga, waya ya shaba, na zaidi sana nguo. Nguo kubwa ilikuwa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyoitwa hivyo juu ilitoka viwanda vya Marekani. Ilikuwa pia na kaniki, nguo ya rangi ya buluu iliyoiva sana. Nguo hizo zilifungwa mitumba. Mtumba ulikuwa furushi la kubebwa na mpagazi mmoja. Mukisikia leo neno "mitumba" kwa nguo za kuvaliwa, mukumbuke kwamba neno hilo lilianza juu ya bega la mtu.

Hesabu ilikuwa hivi: mikono 4 ni upande mmoja, ao shuka moja. Pande 2 ni doti. Kwa hiyo doti ni mikono 8, karibu yadi 4. Richard Burton, aliyefika Tanganyika mwaka wa 1858, alieleza vipimo hivi katika kitabu chake cha 1860. Mzungu yeyote aliyetaka kuishi njiani alipashwa kuvijua vizuri.

Mfano wenye kushangaza zaidi ni wa Stanley. Mwaka wa 1871, mbele ya kutoka pwani kumtafuta Livingstone, aliuliza wafanyabiashara ni nguo ngapi zitalisha watu 100. Walimwambia doti 10 kwa siku. Akanunua doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za nguo za rangi. Jumlisha: ni 3,650, ni kusema doti 10 mara siku 365. Ni yadi 14,600, zaidi ya kilometa 13 za kitambaa. Kwa ndugu zetu wa Goma, ni karibu nusu ya barabara ya kwenda Sake, yote ikiwa imetandikwa nguo.

Sasa gawanya. Yadi 40 kwa watu 100 ni sentimita 37 hivi kwa mtu mmoja kwa siku. Mpagazi alitembea na mzigo mzito toka asubuhi, na posho yake ya siku ilikuwa chini ya mkono mmoja wa nguo. Nilipofanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza, niliweka kalamu chini nikaangalia mkono wangu.

Na si chakula tu kilichopimwa hivyo. Machifu wa njiani walidai hongo kwa doti. Na watu waliouzishwa kama watumwa, wengi wao walitolewa hapa kwetu, nao walipewa bei ya nguo. Mtu mzima ana urefu wa upande mmoja, mikono 4. Akasimama sokoni, na mbele yake nguo inahesabiwa kwa kipimo cha mwili kama wake. Hatuwezi kusema mkono ni kipimo kitakatifu cha mababu na kufunga macho juu ya hilo.

3. Hesabu ya mkono mfupi

Turudi kwa ulizo letu. Chukua wafanyabiashara wawili. Mmoja ni mrefu, mkono wake una sentimita 50. Mwingine ni mfupi, mkono wake una sentimita 42. Hakuna anayedanganya, wote wawili wanapima mkono wao wenyewe kwa uaminifu.

Upande wa mrefu ni mita 2. Upande wa mfupi ni mita 1 na sentimita 68. Tofauti ni sentimita 32. Kwa doti moja inakuwa sentimita 64. Kwa doti 10 inakuwa mita 6 na sentimita 40. Ni karibu doti 2 za yule mfupi zilizopotea hewani, na bado kila mtu anaapa kwamba alihesabu doti 10.

Kwa hiyo mwenye kutoa nguo angependa mkono mfupi upime, na mwenye kupokea angependa mrefu. Watu wengi leo wakisikia hivyo wanacheka, wanasema mababu walikuwa na kipimo kisicho na akili. Mimi sioni hivyo. Mkono ulikuwa na udhaifu, lakini udhaifu wake ulionekana mbele ya wote. Mama mwenye kuuzisha mihogo yake alikuwa na kiwiko kama tajiri wa msafara. Aliweza kuchukua nguo, kuipima tena kwa mkono wake, na kusema: haitoshi. Mabishano yalikuwa marefu, lakini pande zote mbili zilikuwa na kipimo mkononi. Biashara ilisimama pale ambapo wote wawili wamekubali.

Kukubali huko kulihitaji jambo moja: mtu aweze kusema hapana na kurudi na mihogo yake nyumbani. Mtumwa hakuwa na uwezo huo. Na baadaye, chini ya Serikali ya Leopold, wengi zaidi waliupoteza.

4. Fimbo iliyokuwa inafupika

Upande wa mto Kongo, pesa ya wakati ule haikuwa nguo sana. Ilikuwa mitako, fimbo za waya ya shaba ya njano. Nazo zilikuwa pesa yenye urefu. Katika miaka ya 1880, kule Pool, mtako mmoja ulipita nusu mita. Miaka ilivyoenda, ukaendelea kufupika. Kila aliyepitisha waya mikononi mwake alikuwa na faida ya kuukata kidogo. Jina halikubadilika: mtako ni mtako. Lakini shaba iliyofika kwa mwanakijiji ilikuwa inapunguka.

Wakati wa Serikali Huru ya Kongo, mitako hiyo njo iliyolipwa kwa chakula na kwa mpira katika sehemu nyingi za mto. Ripoti ya Roger Casement, iliyotolewa mwaka wa 1904, inazungumzia malipo hayo pamoja na mateso ya watu. Kijiji kililazimishwa kuleta mikate ya mihogo, samaki, mpira, na bei ilikuwa imeamuliwa na yule yule anayekuja na bunduki.

Hapa njo nataka tusimame kidogo. Yule mwanakijiji hakuwa mjinga. Alikuwa na mkono. Aliweza kuweka fimbo kwenye kiwiko chake na kuona kwamba mtako wa mwaka huu ni mfupi kuliko ule wa babake. Mkono wake ulijua kila kitu. Kilichokosekana ni haki ya kukataa. Udanganyifu wa mitako haukutokana na watu kukosa hesabu. Ulitokana na upande mmoja kushika waya, mkasi na bunduki kwa wakati mmoja.

Baada ya Ubelgiji kuchukua koloni mwaka wa 1908, pesa ya franka ikaenea polepole, na metre ikaenea pamoja nayo. Nguo ikarudi kuwa nguo.

5. Metre nayo ilizaliwa kwa malalamiko

Kuna wenzetu ambao wakifika hapo wanasema: basi metre ni kitu cha mkoloni, turudishe mkono. Mimi nawaomba wasome kidogo historia ya Ufaransa yenyewe.

Mbele ya mapinduzi ya 1789, kila mkoa wa Ufaransa, hata mji na mji, ulikuwa na vipimo vyake. Bwana wa shamba njo alishika kipimo ambacho mkulima alilipia kodi, na mara nyingi kipimo hicho kilikuwa kinakua chenyewe usiku. Wakati mfalme alipoomba watu waandike malalamiko yao, wakulima wengi waliandika juu ya vipimo. Walitaka kipimo kimoja kwa wote. Ndiyo maana wanasayansi wa mapinduzi walitafuta urefu ambao si wa mwili wa mfalme wala wa tajiri. Walichukua umbali toka Ncha ya Kaskazini mpaka ikweta, wakaugawanya kwa milioni 10. Sheria ya metre ilitoka mwaka wa 1795. Toka mwaka wa 1983, metre inafafanuliwa kwa mwendo wa mwangaza, kwa hiyo si mali ya mtu yeyote.

Kwa hiyo mkulima wa Ufaransa na mwanakijiji wa mto Kongo walilia kilio kimoja. Wa kwanza alipata metre kama jibu la kilio chake. Kwetu metre ililetwa na mtawala, hakuna aliyetuuliza. Hiyo njo tofauti. Metre yenyewe haina kosa, na mkono wenyewe hauna kosa.

6. Na leo?

Mkono haujakufa. Nendeni Kadutu siku ya soko. Vikwembe vinauzwa bado kwa hesabu ya yadi: 12, 6, ao kipande cha yadi 2 cha kujifunga. Yadi 2 ni mikono 4. Ni upande ule ule wa msafara, umebadilisha tu rangi na jina. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema mpaka leo "doti ya kanga", ni kusema pande mbili.

Shangazi yangu ni mshonaji. Kwenye meza yake amepigilia misumari miwili, umbali wa metre moja. Lakini akienda sokoni hawezi kubeba meza, anabeba mkono wake. Siku moja nilimsindikiza. Mwenye kuuzisha alipima kitambaa kwa haraka, toka puani mpaka vidole, akakunja. Shangazi akakikunjua tena polepole, kiwiko kwa kiwiko, akamwambia: "Mama, iyi haiko metre tatu. Mukono yangu naijuwa." Yule mama akacheka, akaongeza kipande, wakaagana vizuri. Hakuna aliyeita polisi. Wote wawili walikuwa na kipimo.

Lakini kuna sehemu ambapo hakuna kucheka. Kule kwetu vijijini mashamba mengi yaligawanywa kwa hatua. Babu mmoja alitembea hatua 40 akaonyesha mti, hakuna karatasi iliyoandikwa. Leo wajukuu wanatembea hatua 40 kwa miguu yao wenyewe na hawafiki kwenye mti, ao wanaupita. Kisha anakuja mtu na kifaa cha satelaiti, anaandika namba ambazo familia moja tu inajua kusoma. Familia ya pili inabaki kuangalia kama yule mwanakijiji wa mitako: macho yanaona, hakuna anayemsikiliza. Hatua ya babu haikuwa sawa kabisa, lakini majirani wote waliihesabu pamoja kwa sauti. Kifaa kiko sawa kabisa, lakini hesabu yake inafanywa na mtu mmoja kimya kimya.

Nasema hivyo juu sisi wasomi njo tunakuwa wenye kushika vifaa hivyo. Kati yetu kuna maagronome, wapimaji wa viwanja, wanauchumi, wanasheria. Kesho mutapima shamba la mama ambaye hajui metre ni nini. Sheria itakuwa upande wenu, na mashine itakuwa sahihi. Bado mutapashwa kumpa nafasi ya kupima pamoja nanyi: mutembee naye mpaka kwenye mti, muhesabu hatua zake, mumwonyeshe zinafanya metre ngapi, na mumwache aseme hapana kama hakubali. Bila hiyo, metre yenu itakuwa mtako mpya.

Na nawaachia kazi moja ndogo ya nyumbani. Kabla wazee wetu hawajaondoka, tuwaulize: kwa Kishi, Kilega, Kinande, Kihunde, Kibembe, Kiluba, mulikuwa munapima nini kwa mkono, na munauitaje? Kamba ya mbuzi, mlango wa nyumba, mkeka, kaburi? Na wakati watu wawili hawakuelewana, ni mkono wa nani uliochukuliwa? Muandike jibu pamoja na jina la kijiji na mwaka. Jibu la ulizo hilo la mwisho litatufundisha namna wazee wetu walivyokuwa wanatoa haki.